Kamba Mwenye Jina la Bahari

Juzi binti yangu alikuwa akinisaidia kuchambua mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, tulionunua Masese, Jinja, akaokota uduvi mdogo aliyekauka pamoja nao na kuuliza, "Mama, huyu anaitwa nani?" Nilimjibu kwamba wataalamu humwita Caridina nilotica, na kwamba neno la pili lina maana ya "wa Nile". Aliinama tena kwenye ungo, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kurudi maabara, Kampala, mwaka wangu wa pili wa masomo.

Siku ile kila mwanafunzi alipewa chupa moja aeleze lebo yake. Katika yangu alikunjamana mnyama wa kahawia, mrefu kama kiganja, mwenye miguu minene ya mbele, ndani ya spiriti iliyogeuka rangi kama chai ya rangi. Lebo ilisema Thalassina anomala, wa kundi la Thalassinidea. Kwa kuwa nilijua kwamba kamba wa kundi hilo huchimba mashimo katika mchanga na matope, nilisimama nikatangaza kwa uhakika kwamba neno hilo lina maana ya "wachimbaji". Mwalimu hakunikemea. Aliandika ubaoni neno la Kigiriki, thalassa, akalitamka taratibu, kisha akasema, "Bahari. Ni bahari tu." Kutokana na neno hilo Mfaransa Latreille aliunda jina Thalassina mwaka 1806, na mwaka 1831 akalipatia kundi zima jina linalotokana nalo.

Mimi, mzaliwa wa Jinja, sikuwa nimewahi kuiona bahari. Niliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha na kumtazama kwa muda mrefu mnyama yule, ambaye maisha yake hupita chini ya matope ya mikoko, akirundika juu udongo kama kichuguu cha mchwa, nikashindwa kuelewa kwa nini yeye, miongoni mwa viumbe wote wa majini, ndiye aliyepewa jina la bahari nzima. Sikuthubutu kuuliza.

Siku hizi kundi hilo limegawanywa kuwa Axiidea na Gebiidea, kwa sababu wachimbaji hao si wa ukoo mmoja. Thalassina yuko katika Gebiidea, na jina lake mwenyewe limebaki.

"Lakini Mama," binti yangu alisema, uduvi akiwa bado kiganjani mwake, "mbona anaitwa wa Nile, na ametolewa ziwani?"

Nilimwonyesha upande ambako mto unatoka ziwani. Aliutazama, kisha akanigeukia, akiendelea kungoja.