Kitunguu kwa Mguu

Jana tulikuwa nje ya duka, tukimngoja baba yake, mwanangu alipoviona vile viduara chini. Rangi ya manjano imefifia, na vingine vimezibwa na saruji mpya, lakini vitatu bado vyaonekana ukivitazama vizuri. Akaanza kuruka kwa mguu mmoja, hiki hadi kile.

"Mama, nani aliyetuchorea?"

Nikacheka. Halafu nikakikumbuka kile kitunguu.

Ilikuwa Ramadhani ya 2020, siku chache kabla Mji wa Kale haujafungwa. Mambo ya Mombasa siku zile mnayajua: kafyu saa moja jioni, barakoa, Waziri wa Afya, Kagwe, kila alasiri akisoma hesabu ya wagonjwa wa korona. Kwetu mtu wa sokoni nilikuwa mimi, maana mama ana sukari na tulimkataza kutoka. Nanawa kwenye mtungi wa bomba, napigwa ile bunduki ya joto kwenye paji la uso, naingia na karatasi yake: unga wa ngano, tende, nazi, iliki. Nikirudi, viatu vinabaki nje na ndimu zinaoshwa kwa sabuni ya mche. Msinicheke, nanyi mliosha.

Siku hiyo, baada ya Alasiri, foleni ilifika hadi kona. Kila mtu na kiduara chake, kama kete kwenye bao. Mbele yangu bibi mmoja, buibui limepauka mabegani, barakoa ameishona mwenyewe kwa kipande cha leso. Alitokea Marikiti na mfuko wa kitambaa, umejaa. Mkono wa mfuko ukakatika.

Vitunguu vikatawanyika.

Hakuna aliyetoka kwenye kiduara chake. Hata bawabu alibaki na bunduki yake ya joto mkononi. "Haya, jamani," bibi akasema, bila kumwambia mtu. Akainama, mkono mmoja umeshika goti, akaanza kuokota kimojakimoja. Kimoja kikabingirika mpaka kwangu, kikagota kwenye kidole cha mguu. Chekundu, ganda limechanika upande. Nikakitazama. Nikamfikiria mama. Kisha, kwa ncha ya ndara, nikakisukuma kurudi kwake.

Chakula. Kwa mguu. Kwa mtu mzima, tena mwezi mtukufu.

Alikitazama kitunguu, akanitazama na mimi. Macho tu, mengine yote yalikuwa nyuma ya leso.

"Ahsante, mwanangu."

Sauti ile nimeigeuza kichwani miaka yote hii na bado sijui aliitoa vipi. Ninachojua ni kwamba niliishukuru barakoa yangu: hakuniona mimi ni mtoto wa nani.

Ndani unga wa ngano ulikuwa umekwisha. Wakati wa kufuturu nilimsimulia mama kuhusu yule bibi, nikasema nilimsaidia. "Umefanya vyema," akasema, akanisogezea tende.

Mama yuko, mzima, jana tu kanigombeza kwa chumvi. Labda mguu wangu ulikuwa na sehemu yake katika hilo. Labda kile kilikuwa kitunguu tu. Tangu wakati huo, harusini, kila bibi wa makamo yale nikimbusu mkono huwa namtazama macho kwanza.

"Mama! Nani?"

"Watu wa duka. Watu walikuwa wakisimama hapo."

"Wakifanya nini?"

"Wakingoja."

Akaona si mchezo wa maana, akarukia kiduara cha tatu.