Nimerudi, bendera nimeikuta madhabahuni

Tangu nirudi kila mtu ananiuliza nimeona nini kimebadilika, wanategemea niseme barabara au majengo. Mimi kilichonishtua kiko kanisani. Naondoka miaka ile bendera ya taifa haikuwepo mle ndani, sasa imesimama mbele kabisa, mlingoti wake umekanyaga pindo la kitambaa cha madhabahu, na jumapili ile tumeanza na wimbo wa taifa, mikono kifuani, kabla hata hatujafungua kitabu cha nyimbo, halafu mchungaji akaomba Mungu awaaibishe maadui wa taifa letu na kanisa zima likaitikia AMINA, sauti ambayo kwenye toba sikuisikia kabisa.

Nilipomwambia mjomba kwamba ile sala haijanikaa vizuri akanijibu, "We mjomba umekaa sana kwa watu, uzalendo umekutoka." Nikamuuliza hao maadui ni kina nani sasa, maana kama ni hao wa ng'ambo ya mpaka, nao jumapili wako kanisani wanaomba hayohayo kwa Mungu huyohuyo. Akacheka tu.

Na wala sio sisi tulioanza. Vita ya kwanza ya dunia askari wa Ujerumani walivaa mikanda yenye maandishi ya Mungu yu pamoja nasi, na upande wa pili makasisi wa jeshi nao wanawaombea wa kwao washinde, na maneno yale yakabaki mikandani mpaka kwenye jeshi la Hitler. Yaani Mungu anafanywa mgambo wa kila mwenye bunduki.

Ila mtu ambaye siachi kumfikiria tangu nishuke kwenye ndege ni Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa kilutheri wa Ujerumani aliyempinga Hitler. Juni 1939 marafiki zake walimvusha mpaka New York asije akaumia, kazi ipo, usalama upo, akashindwa kutulia, hata mwezi mmoja haujaisha akapanda meli akarudi Ujerumani, vita imebakiza wiki chache tu ianze. Alimwandikia Reinhold Niebuhr, mwanateolojia wa Marekani, kwamba asiposhiriki mateso ya watu wake sasa hivi hatakuwa na haki ya kushiriki kuujenga upya ukristo wa kwao baada ya vita. Na kwenye barua hiyohiyo akasema mkristo wa Ujerumani itabidi achague, atake taifa lake lishindwe ili ustaarabu wa kikristo upone, au atake lishinde na ustaarabu huo uangamie. Hebu soma tena hapo, mtu karudi nyumbani kwa kuwapenda watu wake na hapohapo anaombea jeshi la kwao lishindwe! Wanazi walimnyonga kwenye kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, kosa uhaini.

Nabii Yeremia naye yaleyale. Aliwaambia watu wa Yerusalemu wajisalimishe kwa Wababeli, wakubwa wakasema anawavunja moyo askari, wakamtumbukiza shimoni kwenye matope. Mji ulipoanguka mkuu wa askari wa Babeli akampa uchaguzi, twende Babeli nikutunze au baki, na yule "msaliti" akabaki na maskini walioachwa kwenye nchi. Wazalendo wenye kelele sijui walikuwa wapi siku hiyo.

Sasa wapo na wenzangu wa majuu, ukiwagusia mambo ya nyumbani wanakutupia Wafilipi 3:20, wenyeji wetu uko mbinguni, basi wamemaliza, kodi haiwahusu, kura haiwahusu. Wanasahau Paulo aliyeandika hayo ndiye huyohuyo ambaye walipotaka kumchapa mijeledi aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi, na kwa Warumi sura ya 9 anasema yuko radhi yeye alaaniwe kwa ajili ya ndugu zake. Huyo sio mtu asiyejali kwao bwana.

Juzi nimeombwa niongoze maombi kwenye ibada ya sikukuu ya taifa. Nimekubali, ila nimesema tutaanza na toba kwa yale nchi yetu yenyewe imewafanyia watu, na hao maadui tutawaombea mema kama Mathayo 5:44 inavyosema, baada ya hapo bendera wapepee wanavyotaka. Mzee wa kanisa kasema atalifikisha kwenye kikao, ila toba niifupishe kwa sababu mgeni rasmi ana haraka.