Neno moja kwetu, mawili kwao

Jana jioni hapa Ipagala, Dodoma, binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, alinijia na daftari. "Mjomba, nimekatwa alama. Nimeandika uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni 'historical'. Kosa liko wapi?"

Kosa linatokana na Kiswahili chetu: sisi tunasema "wa kihistoria" kwa yote, basi, ila Kiingereza kina maneno mawili, "historical" na "historic".

Nikamtolea daftari la marehemu babu la hesabu za karanga, la mwaka huohuo. Hili ni "historical": linatuonyesha zamani, magunia na bei, ila halikubadili chochote nchini. Uamuzi ule ni "historic", kwa sababu una uzito. Uligeuza mji huu, na hadi leo tunauishi.

Akauliza, "Na michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa?" Swali zuri mno, nilifurahi kweli! Mingi ni ya kabla ya watu wa huku kuandika, kwa hiyo inafaa "prehistoric". Lakini siku ilipoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, mwaka 2006, hiyo ndiyo "historic".

Akafuta, akaandika upya. Daftari la babu kaomba akae nalo.