Stendi ya baiskeli kwenye pikapu ya viazi

Baiskeli ya Phoenix ya marehemu baba ina mkwaruzo upande wa kulia wa fremu, urefu wa kidole changu cha kati. Rangi nyeusi imetoka yote, chuma kinaonekana. Mkwaruzo huo niliuweka mimi, Februari mwaka jana, tukiteremka kutoka Isyonje, huku kwetu Mbeya. Stendi ninayotaka kuieleza hapa ilianzia pale.

Baba aliinunua baiskeli hiyo kabla sijazaliwa. Alibebea ndizi, alibebea viazi, na mimi mwenyewe alinipeleka nayo darasa la kwanza nikiwa nimekaa kwenye keria, nimeshika koti lake. Sasa anaiendesha mdogo wangu. Anaifuta vumbi kila jioni, cheni yake haijui kutu, na breki zake za fimbo bado zinakamata. Siku ile mimi ndiye niliyepakia. Nililaza baiskeli zote tatu kwenye bodi ya pikapu, moja juu ya nyingine, nikaweka magunia matupu katikati nikiamini yatazuia. Magunia yaliteleza tangu kona ya kwanza. Pedeli ya baiskeli yangu ikakaa juu ya fremu ya Phoenix, ikasaga njia nzima mpaka Uyole. Tulipofungua mlango wa nyuma mdogo wangu hakusema neno. Alipitisha kidole pale palipochubuka, akaishusha, akaondoka nayo. Afadhali angenigombeza.

Ya binti yangu nayo iliumia. Kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine kilipinda kuelekea kwenye spoku. Hiyo ni hatari kuliko mkwaruzo, maana mtoto akihamishia cheni kwenye gia kubwa ya nyuma huku anapanda mlima, kimkono kinaweza kuingia ndani ya gurudumu na kulikwamisha. Fundi alikinyoosha, lakini hakijawahi kurudi vizuri kama zamani.

Kwa wasionifahamu: nauza mbegu za viazi hapa Uyole. Pikapu yetu ni Hilux ya kabini moja, na siku sita za wiki inabeba magunia. Jumapili tukitoka kanisani tunapakia baiskeli, tunapanda barabara ya Tukuyu mpaka Isyonje, tunaacha gari kwa shangazi, halafu tunaendesha kuelekea Kikondo. Miezi ya mvua, maua yakichanua upande wa Kitulo, sijui mahali pengine ambapo ningetaka binti yangu akue akipaona. Kuendesha kutoka nyumbani moja kwa moja haiwezekani kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mlima ni mkali na malori ni mengi. Lazima gari libebe baiskeli.

Nilikwenda kwanza kwa fundi wa kuchomelea, Mwanjelwa. Akanipigia hesabu ya skwea paipu, shilingi 180,000, na akasema ataichomelea kwenye bodi ili isitikisike. Kazi yake ni nzuri, sina neno. Lakini Jumatatu asubuhi magunia yangekaa wapi? Nilihitaji kitu cha kufunga Jumapili na kufungua Jumapili hiyohiyo usiku.

Aliyenifungua macho ni mzee anayetengeneza baiskeli karibu na njia panda. Nilimpelekea ile ya binti, nikamsimulia yaliyotokea. Akaniambia, "Mwanangu, baiskeli inashikwa kwenye uma au kwenye tairi. Pengine popote unaiumiza." Nilivyolitafakari nikaona ni kweli kabisa. Uma wa mbele, ambao mafundi wengi wanauita foko, umetengenezwa kubeba uzito wa mtu na kupokea kila shimo la barabarani. Ukiondoa gurudumu la mbele na kuufunga uma mahali pagumu, baiskeli inasimama wima na haiguswi na kitu kingine. Fremu, waya za breki, kimkono cha gia, vyote vinabaki hewani.

Sasa uma unaufungaje? Nyuma ya kiti chake yule mzee ana rundo la magurudumu yaliyokufa. Akachomoa moja, akakata spoku kwa koleo, moja baada ya nyingine, mpaka mkononi ikabaki habu peke yake, yaani kile kitovu cha gurudumu chenye ekseli ndani na nati mbili pembeni. Akanipa. Nikaielewa palepale. Habu ya mbele ina upana uleule ambao uma unautaka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inakaa humo tangu kiwandani. Huna haja ya kupima wala kukisia. Baiskeli nyingi za gia zina nafasi ya milimita 100 katikati ya ncha za uma wa mbele, lakini ya mtoto inaweza kuwa nyembamba zaidi, kwa hiyo nilikwenda na baiskeli mbili, yangu na ya binti, tukajaribisha habu kwenye uma kabla sijatoa pesa. Nilichukua mbili kwa shilingi 3,000 kila moja.

Mbao nilinunua paini ya mbili kwa nne, futi 12, zile zinazotoka Mufindi, kwa 8,000. Hapa nilikosea. Nilichukua iliyokuwa juu ya rundo bila kuikagua, na ilikuwa mbichi. Nikaikata, nikatoboa, nikafunga bolti zote nikakaza kwa nguvu. Baada ya wiki mbili nati zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa, inakuwa nyembamba, na bolti iliyokuwa imebana inabaki inaning'inia. Ncha moja ikapasuka pia, ufa ukapita kwenye tundu la bolti. Tuligundua barabarani, kwa kusikia kitu kinagonga nyuma ya kabini. Tukasimama, tukafunga kwa kamba, tukarudi nyumbani polepole. Baiskeli hazikuumia, lakini mbao ile haikufaa tena.

Ya pili niliichagua mwenyewe kwa dakika kumi nzima. Mbao kavu ni nyepesi ukiinyanyua upande mmoja, ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia, na ukiweka kiganja haina ule ubaridi wa unyevu. Nikaangalia pia kama imenyooka, kwa kufumba jicho moja na kuitazama kutoka kichwani kama maseremala wanavyofanya. Halafu niliiacha bandani mwezi mzima kabla ya kuigusa, ikiwa imelala juu ya vibao vitatu ili hewa ipite chini.

Bodi yetu kwa ndani ina sentimita 145 kutoka ukuta mpaka ukuta. Nikakata kipande cha sentimita 144 kikae sakafuni, kimeegemea ukuta wa mbele karibu na kabini. Baba alikuwa amechomelea pete nne kwenye sakafu za kufungia kamba za magunia, na hizo pete ndizo zilizoniokoa nisitoboe gari. Chini ya mbao nilichonga kwa patasi vishimo viwili ili pete mbili za mbele zikae ndani yake. Juu ya kila pete nikatoboa tundu, nikapitisha bolti ya ndoano, za aina ile wanayofungia mabati kwenye paa za chuma. Ndoano inashika pete, ncha yenye nyuzi inatokeza juu ya mbao, unaweka washa pana na nati. Ukikaza, mbao inavutwa chini na kulala sakafuni kama imezaliwa hapo. Nati mbili tu, spana moja.

Habu nilizibana juu ya mbao kwa yubolti, bolti zilizopindwa kama herufi U, ndogo za kubania bomba la eksozi, mbili kwa kila habu, moja kulia na moja kushoto. Kabla ya kubana nilizungusha kipande cha tyubu ya zamani kwenye habu ili chuma kisikae juu ya chuma. Bila tyubu yubolti inateleza na inapiga kelele. Matundu yote nilitoboa kwanza kwa drili, kuanzia ncha nyembamba na kumalizia na nene, na nilikaa mbali na mwisho wa mbao upana wa vidole vinne. Ule ufa ulinifundisha.

Kuna jambo la habu ambalo sikulitegemea, na kwangu ndilo zuri kuliko yote. Gololi zake bado ziko ndani na nimeziwekea grisi. Kwa hiyo nati za ekseli zikiwa zimeubana uma barabara, baiskeli bado inaweza kuinuka na kushuka kidogo kwa nyuma, kama mlango kwenye bawaba. Gari likiingia shimoni tairi la nyuma linaruka sentimita mbili tatu, linatua, na uma haupindwi. Niliwahi kusimama kwenye bodi huku mdogo wangu anapitisha gari polepole kwenye tuta, nikainama kutazama: ekseli inazunguka ndani ya habu kiasi kidogo sana, kimyakimya, na mbao haisogei hata unywele. Ningefunga uma kwenye chuma kigumu kisichozunguka, nguvu yote hiyo ingeishia kwenye ncha za uma.

Phoenix ilitaka njia yake. Kutoa gurudumu lake la mbele ni kazi ndefu, kuna vishikio vya madigadi kwenye ekseli na kuna fimbo za breki zinazokumbatia rimu, na kila ukilirudisha lazima upange breki upya. Sikutaka kuifanyia hivyo kila wiki. Kwa hiyo katikati ya mbao nilisimamisha nguzo mbili za sentimita 55, nafasi ya sentimita nne na nusu kati yake, gurudumu la mbele linaingia hapo katikati na tairi lake. Nguzo peke yake zingeyumba, hivyo nilizifunga kwa nyuma na kipande cha kukingama, na kila moja nikaiwekea mwega wa mshazari. Upande wa ndani nimezivisha tyubu iliyopasuliwa na kupigiliwa misumari midogo ya kiatu, vichwa vyake vikiwa nje, mbali na tairi. Mara tatu nilitoa na kupachika tena hiyo tyubu mpaka nikaridhika kwamba hakuna mahali ambapo mbao tupu inagusa baiskeli.

Usukani ulikuwa unanitia wasiwasi. Tatu kwenye sentimita 145 zingegongana. Lakini ukiiweka Phoenix katikati, usukani wake unakaa juu kwa kuwa gurudumu lake kubwa liko mahali pake, na zile mbili za pembeni zimeinamisha vichwa kwa sababu hazina magurudumu ya mbele. Ncha za usukani wangu na wa binti zinapita chini ya ule wa Phoenix. Kwenye mishikio nimefunga vipande vya kanga kuukuu kwa tahadhari. Matairi ya nyuma tunayafunga kwa mpira wa tyubu, tairi hadi tairi, kisha kwenye pete za nyuma. Nasisitiza mpira, maana kamba ya katani ikilegea imelegea, lakini mpira unaendelea kuvuta. Magurudumu ya mbele yanakuja na sisi kwenye kabini, binti anayapakata.

Gharama yote, kwa wanaouliza: mbao 8,000, habu 6,000, yubolti nne 6,000, bolti na nati na washa na ndoano 6,000. Jumla 26,000, na ukiongeza mbao niliyoiharibu ni 34,000. Tyubu yule mzee alikataa kuzipokelea pesa.

Nilitaka kuijaribu mahali pagumu kabla sijawa na amani nayo. Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya mbegu Matamba, nikapakia baiskeli tatu nikamchukua na mdogo wangu. Mnaoijua barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba mnaelewa kwa nini niliichagua: kona 57, zinapinda mpaka unaona nyuma ya gari lako mwenyewe, na vumbi na mawe. Chini Chimala ni joto na mashamba ya mpunga ya Usangu, unapanda saa moja na kidogo unavaa sweta. Kona ya kumi tulisimama, nikashika mbao kwa mikono miwili nikatikisa. Kona ya thelathini tena. Nati moja ya ndoano ilikuwa imelegea robo mzunguko, na tangu siku hiyo nimeongeza nati ya pili juu yake, zinabanana. Vingine vyote vilikuwa kama tulivyoviacha nyumbani.

Juu Matamba mdogo wangu alifungua mlango wa nyuma yeye mwenyewe. Aliizunguka Phoenix, akainama upande wa kulia, akaangalia ule mkwaruzo wa zamani, akaangalia na kushoto. Halafu akafungua mpira, akaishusha, akapanda, akapotea nayo barabara ya kijijini karibu saa nzima huku mimi nahesabu mbegu na wenyeji.

Tulirudi na magunia manane. Stendi tuliikunja upande, kwa maana ya kufungua nati na kuiegemeza wima ukutani mwa bodi, baiskeli mbili nikaziacha kwa mwenyeji wetu mpaka Jumamosi. Phoenix, mdogo wangu hakukubali kuiacha. Aliiendesha mwenyewe kurudi, kona zote 57, nami nikimfuata nyuma kwa gia ya kwanza nimewasha taa.