Alasiri ya nyimbo za kubembeleza

Siku ya kurekodi nyimbo za kubembeleza watoto kwa ajili ya kipindi cha mtangazaji mmoja, tulianza kwa kuzima feni, kisha tukamwomba jirani azime jokofu lake. Mombasa, alasiri, joto lile! Lakini anayeimba kwa nguvu huufunika mvumo wa feni, ilhali anayembembeleza mtoto huimba chini yake. Ukiongeza usikivu wa kinasa sauti ili umpate, feni nayo inapanda.

Mama tuliyemrekodi alizoea maikrofoni za harusini. Alisimama mbali akaitoa sauti ikafika uani. Mtangazaji akamwambia, "Mama, mtoto yuko mapajani, hayuko ng'ambo ya barabara." Akacheka, akaketi.

Maikrofoni tuliiweka kama sentimita 15 kutoka mdomoni, juu kidogo ya pua, ikitazama chini, ili pumzi za "b" na "p" zipite chini yake. Nyimbo hizi zimejaa bembea na pole, na kila herufi ya aina hiyo hupiga kishindo pumzi ikiingia moja kwa moja. Tena maikrofoni inayosikia upande mmoja hukuza besi kadiri mdomo unavyoikaribia: kwenye sentimita 5 sauti inakuwa nene na maneno yanazama, kwenye 30 unaanza kusikia mwangwi wa kuta.

Wakati wa chai mtangazaji aliuliza kuhusu croon, neno la Kiingereza la kuimba chinichini, kwa kuwa kipindi chake kilimgusa pia Bing Crosby, mwimbaji wa Marekani aliyesifika kwa uimbaji huo. Neno hilo Waingereza walilipata Scotland, na huko lilitokana na kronen la Kiholanzi cha zamani, yaani kuomboleza. Waskoti walilitumia hata kwa ngurumo ya fahali. Mshairi wao Robert Burns ndiye aliyelieneza kwa maana ya kuimba chinichini; katika shairi lake la Tam o' Shanter, mlevi anarudi nyumbani usiku akijiimbia hivyo.

Kulifanya jina la mtindo wa waimbaji ni kazi ya umeme. Kabla ya 1925 mtu aliimba mbele ya pembe kubwa ya kukusanyia sauti, na nguvu ya sauti yake peke yake ndiyo iliyosukuma sindano ichore nta. Mnong'ono haukuacha alama ya maana. Maikrofoni ilipoingia studio, Crosby na Mmarekani mwenzake Rudy Vallée wakaweza kuimba kana kwamba msikilizaji yuko begani mwao, na mwaka 1932 Kadinali William O'Connell wa Boston akaukemea mtindo huo hadharani.

Mama alikuwa akisikiliza. "Na yeye kadinali alipokuwa mchanga, alibembelezwa na nani?"

Kisha akaomba mto, maana mikono mitupu ilimpotezea mwendo wa wimbo. Tatizo likawa kuyumba: kila akiinama mbele besi inajaa, akirudi nyuma sauti inakonda. Tukamwomba atikise magoti tu, mgongo ukiegemea ukuta, na vilele vya sauti kwenye kinasa vikatulia karibu na desibeli -12, chini ya 0, kikomo ambapo sauti huanza kupasuka.