Redio ya lori langu ilivyorudi wati 4

Redio ya CB niliyo nayo kwenye lori, ile ya madereva kuzungumza wao kwa wao hewani, ni mtumba kutoka Marekani. Huko sheria imeweka mpaka: wati 4 kwa AM, wati 12 kwa SSB, ndizo njia mbili za kurusha sauti. Tuko madereva watatu, na twaitumia tukipanda kutoka bandarini Mombasa. Wenzangu husikizana vizuri, mimi kila mara naambiwa, "Wakatika, ndugu."

Fundi mmoja Mwembe Tayari akasema dawa yake ni kuongeza nguvu. Akaifungua, akazungusha skrubu ndogo, kisha akakata transista inayozuia sauti isipite kiasi. Mita yake ikasoma wati 15. Nikatoka pale kifua mbele.

Raha ilidumu siku mbili. Mwenzangu akaniambia nasikika kama mtu aliyetia kichwa ndani ya pipa, tena navuja hadi chaneli za pembeni. Halafu jioni moja nimeegesha Jomvu, najaribu mitambo, mama jirani akatoka na leso begani: "Baba, mbona wazungumza ndani ya spika yangu? Taarabu yangu umeifanyaje?" Nikashusha maikrofoni polepole. Shikamoo mama, samahani. Sikuwa na la zaidi. Nikawaza pia, Mamlaka ya Mawasiliano wakinikuta na redio iliyochezewa, huko nitajibu nini?

Nikaenda kwa mzee mmoja aliyewahi kuhudumia redio za meli. Alicheka kwanza. Akanieleza kwamba ili sindano ya mita kwenye redio ya anayekusikiliza ipande alama moja tu, nguvu yataka izidishwe mara 4. Wati 4 hadi 15, basi, hata alama moja kamili sikupata, na pesa nimeshatoa!

"Na antena umeitazama, mwanangu?"

Sikuwa nimeitazama. Akaja na mita ya SWR, ya kupima nguvu inayorudishwa na antena, ikasoma zaidi ya 3, yaani robo ya nguvu na ushei yarudi kwenye redio yenyewe. Ndiyo maana ilikuwa ikichemka. Tukafungua kitako cha antena: chumvi ya bahari imekula, kutu chini ya boliti, shaba ya waya imeota kijani. Kazi ilituchukua asubuhi nzima. Tulipiga msasa hadi chuma kikang'aa, tukatia waya mpya na plagi yake, tukapaka grisi. Kisha ncha ya antena tukawa twaivuta na kuirudisha kidogo kidogo, twapima chaneli ya 1, twapima ya 40, mpaka mita ikatulia 1.4.

Fundi alirudisha transista na kushusha wati hadi 4. Pesa hakurudisha.

Safari iliyofuata niko Mazeras, mwenzangu yuko mbele akaribia Mariakani, nikamsikia: "Leo wasikika sawasawa. Umeongeza tena?"

Mama jirani yeye bado hajaniamini. Akiniona tu nimeshika maikrofoni, huzima taarabu kwanza, akaketi kibarazani kunisubiri nimalize.