Hedifoni za studio za bei nafuu: nilivyozitoa sauti yake yote

Kama umenunua hedifoni za studio za bei ya chini ukaona hazina besi, usikimbilie kuziuza kwa hasara. Zivae, cheza noti moja nzito isiyobadilika, kisha bana vikombe vyote viwili kwa viganja. Besi ikipanda ghafla, hedifoni ni nzima. Hewa inavuja.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichopima kwenye Audio-Technica ATH-M20x zangu, na hakuna nilichofanya baadaye kilicholeta tofauti kubwa kuliko hicho. Hizi ni hedifoni zilizofungwa nyuma, zina spika ya mm 40 kila upande, ukinzani wa umeme wa omu 47, unyeti (ukali wa sauti unaotoka kwa nguvu fulani ya umeme) wa dB 96 kwa milivati moja, na waya wa mita 3 usiochomoka. Nilianza na mto wa sikio, nikaja kwenye chanzo cha sauti, na ikwalaiza, yaani programu ya kuinua au kushusha sehemu za sauti, nikaiacha mwisho. Ukianza na ikwalaiza wakati hewa bado inavuja, unarekebisha sauti inayobadilika kila unapozivua na kuzivaa tena.

Noti ya kupimia niliitengeneza kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti: Generate, kisha Tone, wimbi la Sine, 40 Hz, ukubwa 0.3, sekunde 30. Spika ndogo kiasi hicho haiwezi kutikisa hewa ya chumba. Inachosukuma ni ile hewa kidogo iliyonaswa kati yake na sikio, na hewa hiyo ikipata njia ya kutokea, besi inatoka nayo huku sauti ya mwimbaji ikibaki vilevile. Ndiyo maana mtu huhisi hedifoni "nyepesi" bila kujua kasoro iko wapi. Mkono mnene wa miwani unatosha kuleta hali hiyo. Nywele za kusuka zinazopita chini ya mto nazo zinatosha, na kofia iliyoshuka hadi masikioni pia. Kitambaa cha mtandio hupitisha hewa kila mahali, kwa hiyo anayevaa mtandio atapata besi zaidi akiingiza vikombe chini ya kitambaa ili mto uguse ngozi kuzunguka sikio. Kwa miwani dawa ni mikono myembamba, au mito laini zaidi inayojikunja kuufuata mkono wa miwani.

Mito ya ngozi bandia haidumu kwenye joto la pwani. Jasho linaingia kwenye mishono, ngozi inaanza kubabuka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni, na sponji lililo ndani linabonyea lisirudi. Mto uliobonyea unavuja hata ukiwa haujapasuka. Nilibadilisha ya kwangu kwa mito ya sponji zito, lile linalorudi taratibu ukilibonyeza kwa kidole. Mito inayouzwa kwa ajili ya M40x na M50x inaingia pia kwenye M20x, kwa hiyo chaguo ni pana.

Kuivua ni rahisi: vuta ukingo wa mto upande mmoja hadi utoke kwenye mfereji wake, kisha zunguka. Kuivisha ndiko kunakochosha watu. Mto una sketi nyembamba ya ngozi ambayo lazima ikae ndani ya mfereji unaozunguka kikombe. Nilianzia chini, nikaingiza sketi kama sm 3, nikaishikilia kwa kidole gumba, nikawa naisukuma iliyobaki kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda huku nikizungusha mto pole pole. Usitumie bisibisi: ikiteleza mara moja inatoboa kitambaa kinachofunika spika, na utando wa spika uko karibu sana nyuma yake. Ukimaliza, pitisha ukucha mfereji mzima. Sehemu moja ya sketi ikiwa nje, umejitengenezea uvujaji mpya, na utalaumu mito uliyonunua.

Kuhusu mito ya mahameli: haichomi sikio, lakini hewa inapita kwenye nyuzi zake. Niliyojaribu ilipunguza besi na kuifanya trebo (sauti nyembamba za juu) ionekane kali zaidi. Kwa hedifoni zenye besi ya kupitiliza huenda ikawa dawa. Kwangu niliirudisha kwenye pakiti. Unene nao unahesabika. Mto mnene unaipeleka spika mbali na sikio na kubadilisha sauti ya kati, hivyo ikwalaiza uliyoipanga kwa mito ya zamani haitafaa tena.

Kama mkanda unabana mno, zivishe hedifoni kwenye vitabu vilivyopangwa kwa upana wa kichwa chako ukiongeza sm 2, uziache usiku mmoja, ujaribu. Usizidishe. Mkanda ukilegea kupita kiasi mto haukandamizwi tena, na uko palepale ulipoanzia.

Baada ya hapo nikaja kwenye amplifaya, kifaa cha kukuza nguvu ya sauti, ambayo wengi huinunua kwanza. Hesabu yake ni fupi. Kwenye omu 47, milivati moja inahitaji volti 0.22 hivi. Adapta ya USB-C inayotoa volti 1 inapeleka milivati 21, yaani dB 13 juu ya zile 96: jumla ni dB 109. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa usalama kwa mtu mzima kuwa dB 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sasa hiyo amplifaya utaipeleka wapi? Kwa hedifoni za Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 250 hadithi ni nyingine, kwa sababu volti ileile moja inageuka milivati 4 tu.

Kinachofaa kuangaliwa ni ukinzani wa tundu lenyewe la kutolea sauti. Mazoea ya mafundi ni kwamba usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni, na kwa zangu hiyo ni omu 6 hivi. Matundu ya mbele ya kompyuta nyingi za mezani yanapita hapo mbali. Ukinzani wa hedifoni haukai namba moja. Hupanda karibu na masafa ambayo spika hutetemeka kwa urahisi zaidi, kule chini kwenye besi. Tundu lenye ukinzani mkubwa linaipa sehemu hiyo volti nyingi kuliko nyingine, na besi inavimba na kulegea. Adapta ndogo ya USB iliniondolea hilo, ikaniondolea na ule mlio mwembamba uliokuwa ukifuata kipanya kila laptopu ikiwa kwenye chaji. Mlio kama huo ukikusumbua na adapta huna, chomoa chaja kwanza usikie kama unakatika.

Kwenye Windows nilizima kila kitu kilichoandikwa "enhancements" kwenye mipangilio ya kifaa cha sauti, maana ni ikwalaiza iliyofichwa inayoendelea kufanya kazi chini ya ile utakayoipanga mwenyewe.

Faili nazo zitazame. Wimbo wa MP3 wa kbps 128 kwa kawaida umekatwa kuanzia 16 kHz hivi, na aliyeugeuza ukasomeka 320 hajarudisha kitu, ameongeza uzito tu. Ufungue kwenye Audacity kwa mwonekano wa spectrogram (picha ya rangi inayoonyesha sauti za chini hadi za juu): ukiona rangi inaishia kwenye mstari mnyoofu kama umepigwa kwa rula, huo umeshapitia 128. Usiutumie kuhukumu trebo.

Waya ulikatika ndani karibu na pini, baada ya kukanyagwa na mguu wa kiti mara nyingi. Dalili yake ni nzuri kuijua kwa sababu watu hudhani spika imekufa: sauti ya mwimbaji inatoweka, zinabaki gitaa za pembeni na mwangwi, kama karaoke. Hiyo ni waya wa ardhi, unaotumiwa na spika zote mbili kwa pamoja, umekatika. Bila ardhi, spika mbili zinabaki zimeungana mfululizo na unasikia tofauti ya kushoto na kulia tu. Kilichorekodiwa katikati, yaani mwimbaji, kick (ngoma kubwa) na besi, kinafutana. Pini isiyoingia hadi mwisho inaleta hali ileile, kwa hiyo isukume kwanza kabla hujashika mkasi.

Nilikata sm 4 kutoka kwenye pini na kufunga pini mpya ya mm 3.5 ya kufungua kwa mkono. Nyaya za ndani zimepakwa rangi ya kuzuia umeme, na lehemu haishiki juu ya rangi hiyo. Weka tone la lehemu kwenye ncha ya moto, zamisha ncha ya waya ndani yake sekunde tatu hivi mpaka rangi iungue na waya ung'ae. Mara nyingi nyekundu ni kulia na kijani au bluu ni kushoto, ila usiamini rangi, amini multimita (kipima umeme). Kati ya ncha ya pini na shina lake, na kati ya pete na shina, usomaji uwe karibu sawa pande zote mbili, jirani ya ukinzani wa hedifoni. Ukisoma karibu mara mbili yake, umepima spika mbili kwa mfululizo: waya wa ardhi hauko kwenye shina. Kosa jingine ni la upande wa spika: ukifungua kikombe na kugeuza nyaya mbili za spika moja, sauti ya mono haikai katikati ya kichwa, inaelea pande zote, na besi inakonda. Namba za multimita hazitakuonyesha hilo, masikio ndiyo yatakayolinasa.

Uwiano wa kushoto na kulia niliupima kwa Pink Noise ya mono, yaani mvumo ulio sawa pande zote mbili. Ikielemea upande mmoja, geuza hedifoni uzivae kinyume. Mwelemeo ukihama sikio, ni hedifoni. Ukibaki sikio lilelile, ni sikio lako, huenda nta tu.

Ndipo nikafika kwenye ikwalaiza. Kwenye laptopu natumia Equalizer APO, ya bure. Wakati wa kuiweka inauliza ni kifaa gani cha sauti ikifuate. Chagua ile adapta, kisha washa kompyuta upya. Faili la mpangilio ni config.txt ndani ya folda yake ya config. Langu lina mistari hii:

Preamp: -4 dB
Filter 1: ON LSC Fc 80 Hz Gain 3 dB Q 0.7
Filter 2: ON PK Fc 200 Hz Gain -3 dB Q 1
Filter 3: ON PK Fc 8200 Hz Gain -5 dB Q 4

LSC huinua kila kilicho chini ya masafa yaliyotajwa, PK hugusa eneo moja tu, na Q ikiwa kubwa eneo hilo ni jembamba. Mstari wa kwanza, unaoshusha sauti yote, ndio unaosahaulika. Ukiinua 80 Hz kwa dB 3 bila kushusha jumla, wimbo uliorekodiwa hadi ukomo unagonga dari na besi inakwaruza. Shusha jumla kwa kiasi kisichopungua kile ulichoinua popote.

Namba 200 nilizipata kwa kusikiliza mtangazaji wa redio badala ya muziki. Sauti ya mtu tunaijua tangu utotoni, haidanganyi. Alipokuwa anaongea kama yuko ndani ya mtungi, nilishusha 200 Hz nusu dB kwa nusu dB hadi akatoka mtungini. Nilipozidisha akawa mwembamba kama yuko kwenye simu, nikarudi kidogo.

Hiyo 8200 ni ya masikio yangu, usiinakili. Kwenye Audacity nenda Generate, Chirp, Sine, anzia 3000 Hz ishie 12000 Hz, ukubwa 0.1 mwanzo na mwisho, Logarithmic, sekunde 60. Sauti iwe ya chini kabisa mwanzoni. Ukisikiliza utakuta mahali mlio unachoma ghafla kisha unatulia. Sitisha, soma sekunde, irudie mara tatu ukizivua na kuzivaa, kwa sababu kusogeza kikombe sm 1 mbele kunahamisha kilele hicho. Ndiyo sababu nilitumia Q 4 na si 10: mkato mwembamba mno unalenga shabaha inayotembea. Mabonde niliyoyasikia, yaani mahali mlio unapofifia, sikuyajaza. Kuinua bonde jembamba kwa dB 8 kunaumiza siku kikombe kikikaa tofauti. Kisha nilijirekodi nikisema "Saa sita usiku Saida alisahau sufuria". Herufi s ikipiga mluzi, shusha dB moja zaidi. Ikianza kufanana na th, umezidisha.

Kwenye simu ya Android nilitumia Wavelet, programu ya ikwalaiza ambayo ina mpangilio tayari wa AutoEq (mkusanyiko wa mipangilio iliyotokana na vipimo) kwa hedifoni nyingi. Ni mwanzo mzuri, lakini vipimo vyake vilichukuliwa kwenye kichwa cha maabara chenye mito isiyovuja. Kwenye mto uliobabuka, besi inayoahidiwa huipati.

Ukilinganisha ikwalaiza ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, iache Preamp palepale na uzime zile Filter tatu tu, kisha sawazisha ukali kwa sauti ya mtangazaji. Kinachosikika kwa nguvu zaidi hata kwa dB moja, sikio linakiita bora. Mimi mwenyewe nilishawahi kukaa wiki nzima na mpangilio ambao uzuri wake wote ulikuwa ni kelele ya ziada.

Siku hizi nikimaliza naifuta mito kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, bila spiriti, maana inakausha ngozi bandia. Hedifoni nazitundika, siziweki mezani kwa mito. Na kila nikihisi besi imepungua, sigusi config.txt kabla ya kucheza ile 40 Hz na kubana vikombe kwa viganja.